Shefu Anayekubali Kuchekwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizokimbia makwao na viongozi wa komite zao, Lubumbashi, Haut-Katanga



Leo tunazungumza juu ya uongozi. Hatutaanza na karatasi za sheria. Tutaanza na mchezo wa zamani wa televizyo, ambao wazee wa Lubumbashi wakisikia jina lake wanacheka kabla hujamaliza kulitamka: Mufwankolo.

Huenda wengine wanajiuliza: watu wamekimbia risasi, wamezika ndugu zao njiani, na ninyi mnawaletea kichekesho? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni hili. Magomvi mengi tunayoitiwa katika kazi yetu ya kila siku hayaanzi na bunduki. Yanaanza na daftari la majina, na foleni ya maji, na neno ambalo kiongozi alilisema mbele ya watu na halikusahaulika. Bunduki huja baadaye, ikikuta kuni zimekwisha kupangwa. Ndiyo sababu tunataka kuangalia tena jinsi watu wa mji huu walivyokuwa wakimcheka shefu wao, na kicheko hicho kilitufundisha nini.

Shefu wa kijiji ndani ya televizyo

Mufwankolo ni jina la mchezoni la Odilon Kyembe Kaswili, na ni jina la kundi lake pia. Mizizi ya kundi hilo ni ya zamani, tangu mwisho wa utawala wa Wabelgiji. Kwanza watu waliwajua kwa radio, kisha kwa televizyo, wakati nchi ilipoitwa Zaïre na jimbo letu likaitwa Shaba, yaani toka mwaka wa 1971 mpaka 1997. Televizyo hazikuwa nyingi. Wazee wanatusimulia kwamba nyumba moja yenye televizyo ilijaa watoto wa avenyu nzima, wengine wakichungulia dirishani.

Waigizaji hao hawakushika maandishi. Walikaa pamoja, wakazungumza juu ya jambo wanalotaka kuonyesha, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akasema maneno yake mwenyewe. Na walisema Kiswahili cha Lubumbashi, hiki tunachosema sokoni na kwenye foleni. Jambo hilo si dogo. Mji huu ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba, na kampuni ya madini ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka pande nyingi: Kasai, Rwanda na Burundi, na nchi tunazoziita leo Zambia na Malawi. Hakuna aliyefika hapa akiwa na lugha moja na jirani yake. Kiswahili kilikuwa kiti ambacho kila mgeni angeweza kukikalia. Kwa hiyo ninyi mliofika juzi, msifikiri kwamba mmeingia katika mji wa watu ambao hawajui maana ya kuhama. Babu wa wengi walioko hapa walishuka na mizigo yao kama ninyi.

Katika michezo hiyo mliona mume na mke wakigombana, mlevi, mwizi, mganga wa uongo, mtu aliyerudi kutoka mjini na majivuno. Na mara nyingi mliona shefu wa kijiji ameketi, wazee wake pembeni, watu wakileta mashitaka. Kumbukeni ilikuwa miaka gani. Kulikuwa na chama kimoja tu, MPR, na kumsema vibaya mkubwa wa nchi ilikuwa hatari. Lakini nani atakukamata kwa sababu ya shefu wa kijiji ambacho hakimo kwenye ramani? Watazamaji walielewa wenyewe. Walicheka, wakaangaliana, na kila mtu alirudi nyumbani na wazo lake.

Firigisi ya kuku

Mwaka wa 1986 mtafiti Johannes Fabian, aliyeijua Katanga tangu miaka ya 1960, alikuwa hapa Lubumbashi. Alisikia mezani msemo mmoja, mbele ya firigisi ya kuku. Mnajua desturi: firigisi anapewa mwenye nyumba ao mgeni wa heshima, naye haigawi. Msemo wenyewe kwa Kifaransa ni « Le pouvoir se mange entier », yaani utawala huliwa mzima. Alipowauliza Mufwankolo na wenzake maana yake, walifanya kazi yao: wakautungia mchezo. Mchezo ulipigwa picha za televizyo mwaka huohuo katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi. Ndani yake kuna shefu, wazee wa baraza, kesi za wanakijiji, na watu wanaoanza kudharau amri zake mpaka kijiji kinakosa utulivu. Fabian aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kikatoka mwaka wa 1990.

Tumeuliza watu wengi: utawala huliwa mzima, maana yake nini? Wengi wanajibu haraka: shefu hagawi kiti chake. Wawili wakitawala kijiji kimoja, kijiji kinaungua. Jibu hilo lina ukweli, na baadhi yenu mlilipa ukweli huo kwa damu. Mliotoka Kasai mnakumbuka jinsi serikali ilivyokataa kumtambua shefu Kamuina Nsapu, Jean-Pierre Mpandi, na jinsi alivyouawa tarehe 12 Agosti 2016. Vita vilivyofuata viliwafukuza makwao watu zaidi ya milioni moja. Kilianza kama kiti kimoja katika kijiji kimoja.

Lakini tunaona kuna jibu la pili, na hilo ndilo tumelileta leo. Kula utawala mzima si kula utamu peke yake. Anayepokea heshima yote, apokee na lawama yote. Apokee kuamshwa usiku mtoto akiugua. Apokee kuulizwa: sabuni ilikwenda wapi? Apokee hata vijana wakimuigiza jinsi anavyotembea. Kiongozi anayekubali salamu na kukataa maswali hajala mzima. Amemega upande mmoja tu, upande wa mafuta.

Risasi moja mfukoni

Watu wa mbali nao wanalijua jambo hili. Huko Marekani, kati ya mwaka wa 1960 na 1968, televizyo ilionyesha mchezo wa kuchekesha uitwao « The Andy Griffith Show ». Ulikuwa na vipindi 249, na Wamarekani wengi wanautazama mpaka leo. Habari yake ni ya sherifu wa mji mdogo wa kubuniwa, Mayberry, katika jimbo la North Carolina. Sherifu huko ni mkubwa wa polisi wa eneo, na anachaguliwa kwa kura. Huyu, Andy Taylor, ni mjane anayelea mtoto wake mwanamume, na ndiye pia anayekata kesi ndogondogo.

Kinachotushangaza sisi watu wa Kongo ni hiki: kwa kawaida sherifu huyu hatembei na bunduki. Anakaa barazani, anasikiliza, anawafahamu watu pamoja na wazazi wao. Msaidizi wake, Barney Fife, anapenda sana bunduki na amri na vitisho. Basi sherifu anamruhusu risasi moja tu, tena aiweke katika mfuko wa shati. Kila mara Barney anapotaka kujionyesha mkubwa, anaharibu mambo, na watu wanacheka. Yuko pia mlevi mmoja, Otis. Akilewa anakwenda mwenyewe gerezani, anachukua ufunguo unaoning'inia karibu, anajifungia, analala. Asubuhi anajifungulia.

Tunacheka, kwa sababu gereza tunalolijua sisi si hilo. Lakini angalieni kilicho ndani ya kichekesho. Otis anakwenda gerezani peke yake kwa sababu anajua hatapigwa. Watu wa Mayberry wanatii kwa sababu wanamwamini anayeamuru. Barney naye anafikiri kwamba heshima inatoka katika risasi. Kila komite ina Andy wake na Barney wake, na wakati mwingine wote wawili wanakaa ndani ya mtu mmoja. Asubuhi anasikiliza vizuri. Jioni, akikasirishwa, anaipapasa ile risasi: « Nitafuta jina lako kwenye orodha. » Mama mwenye watoto watano akisikia maneno hayo, kwake ni risasi kweli.

Wasioonekana kwenye picha

Hata hivyo tusiusifu mchezo huo kupita kiasi. Tarehe 1 Februari 1960, miezi michache kabla haujaanza kuonyeshwa, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye meza ya chakula ya duka moja mjini Greensboro, katika jimbo lilelile la North Carolina, wakakataa kuondoka waliponyimwa huduma kwa sababu ya rangi yao. Miaka yote minane ya mchezo huo ilikuwa miaka ya mapambano ya watu weusi wa Marekani. Lakini Mayberry ilikaa kimya. Watu weusi walipita nyuma ya picha, na karibu hawakupewa neno la kusema.

Tunasema hili kwa sababu yenu. Mji unaweza kuonekana na amani kwa sababu tu wenye shida hawakuwekwa kwenye picha. Shefu wa kartiye anaweza kusema kwa moyo mweupe: « Kwangu hakuna tatizo. » Ni kweli hakuna, kama hawahesabu waliolala katika nyumba zisizokwisha kujengwa, nyuma ya soko, wanaoogopa kuja barazani kwa sababu hawana karatasi. Na ndani ya kambi ni vivyo hivyo. Komite yenye wanaume tupu itasema hakuna tatizo la usiku kwenye njia ya choo.

Kicheko kinachopanda na kicheko kinachoshuka

Sasa tufike mahali pazito. Kama mji huu ulikuwa na Mufwankolo, kama watu wa makabila yote walicheka pamoja mbele ya televizyo moja, mbona mwaka wa 1992 na 1993 majirani waliwafukuza majirani? Watu wa asili ya Kasai, wengine waliozaliwa Katanga na wazazi wao pia, walitolewa katika nyumba zao. Kule Likasi na Kolwezi walilala siku nyingi kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi walifia hapo ao njiani. Waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu.

Hatuwezi kudai kwamba kicheko kinazuia vita. Hakikuzuia. Lakini tunaweza kuangalia ni kicheko gani kilichotangulia. Wakati ule siasa iliwapa watu wa Kasai jina la bilulu, yaani wadudu. Watu walilisema wakicheka, kwenye mikutano na njiani. Kicheko cha Mufwankolo kilipanda: kilitoka kwa mdogo kwenda kwa aliyeketi juu. Kicheko cha bilulu kilishuka, kikamkanyaga jirani ambaye hakuwa na nguvu ya kujibu. Mtu ukimwita mdudu kwa mzaha leo, kesho mkono hautetemeki.

Baada ya miaka hiyo, walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, walikusanya kumbukumbu za watu wa mji, na mwaka wa 2005 kikatoka kitabu « Vivre ensemble au Katanga », juu ya kuishi pamoja. Kazi hiyo haijaisha. Mwaka wa 2013, tarehe 23 Machi, wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia mpaka ndani ya Lubumbashi. Mliotoka Mitwaba, Pweto na Manono mnajua waliyoyafanya huko vijijini. Mwaka wa 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, na mara tukasikia maneno mapya: huyu si wa jimbo hili, arudi kwao. Kwa hiyo tunawaomba wazazi: sikilizeni watoto wanacheka nini. Wakicheka jinsi mkubwa anavyojivuna, waacheni. Wakicheka jinsi mtoto wa familia nyingine anavyosema, ao kabila lake, wasimamisheni siku hiyohiyo.

Ufunguo wa bomba

Tuwape mfano kutoka mahali ambapo hatutapataja. Kulikuwa na bomba moja la maji kwa familia nyingi. Mkubwa wa komite alikaa na ufunguo wa kadenasi mfukoni. Akienda shambani, bido zinangoja. Akikasirika, bido zinangoja. Wenyeji wa kartiye nao walisema bomba liliwekwa katika kiwanja chao na wageni wanalimaliza. Mama wawili walikuwa wamekwisha kupigana, na vijana wa pande mbili walikuwa wanaitana usiku.

Tulifanya mikutano mitatu. Kila mtu alisema maneno mazuri na hakuna lililobadilika. Kisha vijana wakaomba kucheza. Walimuonyesha mkubwa mmoja anayelala na ufunguo, anaoga nao, anauwekea sahani ya bukari mezani kama mtoto wake wa kwanza. Mke wake anamuuliza: « Umenioa mimi ao umeuoa ufunguo? » Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Macho yote yakamgeukia mkubwa wa komite. Alikaa kimya muda ambao kwetu ulikuwa mrefu. Kisha naye akacheka, akasema: « Mke wangu aliniuliza vilevile. »

Juma lililofuata ufunguo ulikuwa kwa mama wawili, mmoja wa wakimbizi na mmoja wa wenyeji, saa za kufungua zimeandikwa ukutani. Mkubwa hakupoteza kiti chake. Watu waliendelea kumwita baba presida, na tunaona walimwita kwa heshima zaidi kuliko kwanza.

Kama mnataka kuigiza

Jambo hili halidai pesa. Linadai uangalifu. Haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Msimtaje mtu wala kabila. Chekeni tabia na kiti, msimcheke mtu kwa sura yake, kilema chake, lugha yake ao umaskini wake.

2. Mwambieni kiongozi mbele kwamba mchezo utakuwepo, na mpeni nafasi ya kusema wa kwanza baada yake. Mtu anayeviziwa hacheki.

3. Waandaaji watoke pande mbili: wenyeji na waliohamia, wanaume na wanawake.

4. Msiigize mambo ya kubakwa ao kuuawa yaliyompata mtu aliye hapo. Kidonda kibichi hakiguswi kwa mzaha.

5. Mchezo ukiisha, msitawanyike. Kaeni, mwulizane: tutabadilisha nini, nani atafanya, mpaka siku gani?

Neno moja kwa mashefu na komite. Shefu wa mchezoni anakata kila kesi, hata za ndoa na za damu. Shefu wa kweli ana mpaka. Ugomvi wa mbuzi, wa kiwanja kidogo, wa matusi, mwaweza kupatanisha chini ya mwembe. Kubaka, kuua na kujeruhi vibaya ni kazi ya polisi, parke na mahakama. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono ziko wazi: malipo ya faini hayazimi kesi. Kumaliza jambo hilo kwa mbuzi wawili na sanduku la bia si upatanishi. Ni kumwacha msichana peke yake. Mpelekeni kwanza hospitali, haraka, kabla ya masaa 72 kupita, kwa maana baada ya hapo dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI haisaidii tena.

Baba zetu na mama zetu, hatuwaambii mcheke ili msahau mlichoacha nyuma. Tunawaomba viongozi jambo moja tu: juma hili, someni orodha ya majina kwa sauti mbele ya watu wote, na ruhusuni maswali. Atakayeuliza vibaya, mjibuni vizuri. Kama kuna atakayecheka, ngojeni kidogo kabla ya kukasirika. Huenda anawaambia kitu ambacho hakuna aliyethubutu kuwaambia.



Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwetu, ni kitu gani kinachowekwa mfukoni na mtu mmoja: ufunguo, orodha, simu ya shirika? Nani mwingine angeweza kukishika pamoja naye?

2. Ni nani hawaonekani katika mikutano yetu? Kwa nini hawaji?

3. Ni maneno gani ya mzaha juu ya kabila ao jimbo tunayoyasikia sasa? Tutafanya nini tukiyasikia tena?

4. Kwa viongozi: mara ya mwisho mtu alikusahihisha mbele ya watu, ulimjibu namna gani?